Shangazi Anajibu: Baba husoma stakabadhi za kahawa mbele ya wageni

Wasomaji wangu, habari za mwisho wa mwaka. Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia safari ya nyumbani. Wengine wanalia na nauli, wengine na michango, na wapo wasiotaka kwenda kabisa kwa sababu ya watu watakaowakuta huko. Mbili nazijibu kwa ufupi. Ya tatu nimekaa nayo usiku mzima, hiyo nitaipa nafasi.

Shangazi, shikamoo. Kwetu ni Tukuyu, nimeolewa Rombo mwaka jana. Krismasi iliyopita nilikaa ukweni siku nane na mama mkwe hakuniruhusu kugusa sufuria hata moja. Nikiingia jikoni ananipa kigoda nikae, akimaliza kupika ananipakulia. Jirani aliniambia maana yake hajanikubali. Mwaka huu nisiende? – Mke wa Rombo, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Nenda. Mama asiyekutaka angekuacha sebuleni na wageni wengine, asingekupa kigoda jikoni kwake. Safari hii usiombe kupika, omba kumenya ndizi. Nawe umetoka Tukuyu, ndizi unazijua: paka mafuta mikononi kabla hujashika kisu, utomvu usikugande. Akiona umepaka mafuta bila kuambiwa, atakuuliza kwenu mnapikaje. Hapo mweleze habari za mbalaga, chakula chenu cha ndizi, polepole, na umwache akukosoe.

Bi Shangazi, asalaam alaykum. Niko Muscat mwaka wa sita sasa, kwetu Wete. Kila nikija Idi, bibi yangu hunitaka nipange foleni na watoto ili anipe mkono wa Idi, sarafu ya shilingi mia mbili, mbele ya mke wangu na wanangu. Nina miaka 38. Nimwambieje aache? – Mjukuu wa Wete

Waalaykum salaam, baba. Usimwambie. Panga foleni, tena simama nyuma ya mwanao wa mwisho ili akuone baba yake unavyopokea kwa mikono miwili. Bibi mwenye wajukuu wengi huwahesabu kwa mikono yao, na wa ng'ambo ndio anaowahofia zaidi kuwapoteza kwenye hesabu. Hizo sarafu za miaka yote umeziweka wapi? Kama umezitumia, ya mwaka huu itunze.

Sasa barua yenyewe. Nimeifupisha, maneno ni yake.

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, nauza spea za magari Gerezani, Kariakoo, naishi Tabata. Kwetu ni Marangu. Huu ni mwaka wa tatu sijaenda nyumbani Desemba. Kila mwaka nasema nafunga hesabu za duka. Ukweli ni kwamba naona aibu.

Ukoo wetu una mambo yake. Baba ana kopo la maziwa ya unga ambamo ametunza stakabadhi zote za kahawa tangu aanze kuuza mwenyewe. Mkesha wa Krismasi, watu wakishakula, anazitoa na kuzisoma moja moja: tarehe, kilo, daraja, fedha. Anaanza 1978 na kushuka mpaka mwisho, na hakuna anayeruhusiwa kusimama. Bibi mzaa baba anaongea na ng'ombe. Anampa habari za msiba, za harusi, hata matokeo ya mtihani ya wajukuu, na usiku tunamsikia. Baba mdogo, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, hupandisha bei ya mkungu wa ndizi ulioletwa na mama yake mwenyewe mpaka watu wanapiga vigelegele, halafu jioni anakuja kwangu kukopa nauli ya kurudi Arusha. Shangazi zangu wawili hawasemezani tangu 2011 kwa ajili ya kidari cha mbuzi, lakini wanakaa benchi moja na kutumiana salamu kupitia mtoto aliyekaa katikati.

Sasa nina mchumba. Kwao ni Muheza. Amelelewa nyumba ya utaratibu, mtu anabisha hodi mara tatu na kusubiri, hakuna anayepaza sauti. Anataka kupajua kwetu Krismasi hii. Mama amepata habari, anapiga simu kila siku, na wiki iliyopita ametuma kwa basi gunia la ndizi mshare na parachichi. Nimewaza nimpangishie mchumba chumba cha hoteli Moshi mjini, tupande nyumbani mara moja kwa saa mbili, tuteremke. Nishauri. – Kijana wa Gerezani

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mimi ni wa Old Moshi, Kidia. Baba yangu alikuwa na mizani ya kupimia kahawa, ile ya kuning'iniza yenye ndoano chini na sahani ya namba juu. Ilikuwa inaning'inia kwenye boriti ya stoo. Kila Krismasi alitupima. Watoto wadogo aliwatia kwenye kikapu, wakubwa tulishika ndoano kwa mikono miwili na kukunja miguu. Akishasoma uzito, aliuandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo kwa ndani: jina, mwaka, kilo. Tukiondoka baada ya mwaka mpya alitupima tena, na aliyepungua hakuondoka siku hiyo. Hata kaka yangu aliyekuwa na kazi ya serikali alishika ndoano akiwa na suti.

Mwaka 1981 nilimpeleka mume wangu nyumbani. Ni Mngoni wa Songea, watu wa heshima sana kwa wakwe. Tulikunywa chai, tukasalimia majirani, nikaanza kupumua. Ndipo baba akasimama, akafungua mlango wa stoo, akasema, "Mkwe naye apande." Mume wangu alinitazama mimi, hakumtazama baba. Akavua koti, akashika ndoano. Kilo 68. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, na tarehe 27 tukapanda basi. Sikurudi Krismasi nne.

Februari 1986 mama aliugua, nikaenda peke yangu. Alipopata nafuu tulikaa jikoni tukimenya ndizi, nikamuuliza ni kwa nini baba anatudhalilisha hivyo. Aliendelea kumenya. Akaniambia kwamba kabla yangu walizaliwa watoto wawili na wote walidhoofika taratibu, wakafa, na hakuna aliyegundua mapema kwa sababu walikuwa wanacheka na kucheza kama kawaida. Nilipozaliwa mimi, mkunga wa zahanati ya misheni alimwambia baba: mtoto asiyeongezeka uzito mlete siku hiyo hiyo, usingoje akonde. Zahanati ilikuwa mbali. Baba akawa na mizani ya kahawa. Akaanza kunipima kila Jumapili, na hakuna aliyemwambia ni lini inatosha.

Nikamuuliza mama mbona hamkutuambia. Akasema, "Hukuuliza. Ulilia, halafu ukaondoka."

Baadaye nilichukua taa nikaingia stoo. Kwenye mlango, chini ya jina langu, palikuwa na mistari minne. Miaka ameiandika, 1982, 1983, 1984, 1985, na mbele yake hakuna kitu. Chini ya jina la mume wangu hivyo hivyo. Alikuwa ameacha nafasi.

Ndiyo maana nimekaa na barua yako usiku mzima, mwanangu. Wewe una mistari miwili tayari, na wa tatu unakaribia.

Sasa tuje kwa baba yako na kopo lake. Umesema anaanza 1978. Wewe unasikia namba, mimi nasikia habari nzima ya mlima. Wazee wetu walianza kujiunga wauze kahawa yao kwa pamoja mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Watu walijenga nyumba za bati kwa kahawa, wakasomesha kwa kahawa, wakazika kwa kahawa. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, kwa hiyo baba yako alianza kuuza wakati chama kikuu cha baba zake hakipo. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Waulize wazee wengine wa kijijini wangapi wana karatasi za miaka hiyo. Wengi walizitupa, yeye anazo. Kisha Julai 1989 yakavunjika makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa nani auze kahawa kiasi gani duniani, bei ikaporomoka. Huku kwetu watu walianza kung'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya, wengine wakaiacha tu chini ya migomba ikazeeka bila kupogolewa.

Wewe una miaka 33. Maana yake umezaliwa bei ikiwa imeshaanguka. Hujaijua kahawa yenye hela, umeijua kahawa ya kuchuma baridini, kumenya kwa mashine ya mkono, kuosha, kuanika kwenye vichanja na kukimbilia kuifunika mvua ikija, kwa fedha ambayo haikutosha. Na hata hivyo ulisoma. Ada ilitoka wapi? Jibu limo kwenye lile kopo, na kila mkesha wa Krismasi anakusomea.

Kwa hiyo usimwombe baba aache kusoma, wala usimwombe afupishe. Fanya hivi. Akishafungua kopo, kabla hajaanza 1978, mwambie: "Baba, leo naomba uanze na mwaka niliozaliwa mimi." Akisoma kilo na fedha, muulize: "Hiyo ulinunua nini?" Kisha nyamaza. Usimkimbize. Mzee anayesoma namba kila mwaka anangoja mtu wa kumuuliza swali hilo. Usiku huo huenda msifike mwisho wa kopo, na mchumba wako atakuwa amejua habari za kwenu kuliko ambavyo ungemweleza mwenyewe kwa miaka kumi.

Bibi na ng'ombe wake. Hapa nakuomba uondoe neno aibu kabisa. Mtoto wake ana stakabadhi za 1978, basi yeye mwenyewe amekulia kwenye nyumba ya msonge, ile ya nyasi mpaka chini. Ndani ya nyumba ile ng'ombe alilala upande mmoja, watu upande wa pili, moto katikati. Bibi yako amelala utoto wake wote akisikia ng'ombe akicheua gizani. Alipoolewa, akabebea ng'ombe majani kichwani kutoka tambarare, kupanda mlima, miaka na miaka, kwa sababu ng'ombe wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, hatoki kwenda malishoni, analetewa. Samadi yake ndiyo iliyotunza migomba, na migomba ndiyo iliyowalisha ninyi. Mtu aliyeishi hivyo akimpa ng'ombe habari za mtihani wako, amekupeleka kwa mwanafamilia. Mimi ningependa kujua amemwambia nini kuhusu miaka hii ambayo hukuja.

Tena nina ushauri utakaokushtua: mchumba wako alale chumba cha bibi. Hamjafunga ndoa, kwa hiyo chumba kimoja nawe hapati, na hilo usibishane nalo mbele ya mama yako. Wako watakaosema alale na dada zako. Mimi nasema alale na bibi. Binti wa Muheza aliyefundishwa kubisha hodi na kusubiri anajua kukaa kimya na mtu mzima. Asubuhi aende naye zizini akiwa amebeba majani, hata kidogo tu. Bibi akianza kuongea, asicheke wala asikimbie. Akisalimiwa na ng'ombe kupitia bibi, aitikie.

Baba mdogo simtetei. Kupandisha bei ya mkungu wa mama yake naelewa: mtoto gani anataka kuona mkungu alioubeba mama yake mgongoni ukinunuliwa kwa bei ya chini mbele ya usharika mzima? Lakini kumkopa mtoto wa kaka yake nauli kila mwaka baada ya kushangiliwa ni makosa, na wewe unayaendeleza kwa kumpa kimyakimya na kununa. Mwaka huu mkatie tiketi ya kurudi Arusha mapema, umkabidhi kabla ya ibada, na umwambie kwa heshima kwamba hiyo ndiyo zawadi yako ya Krismasi kwake na hakuna nyingine. Halafu kwenye mnada ongeza dau wewe mwenyewe, mara moja tu, kwenye mkungu wa bibi yako. Uone uso wake.

Shangazi zako na kidari, hilo si lako. Wewe ni mdogo. Nyumbani kwetu kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe, na anayenyimwa kipande chake anajiona amenyimwa nafasi yake katika ukoo. Nyama yenyewe haina uzito huo. Mambo ya aina hiyo yanamalizwa na wakubwa wao, kwa jani la isale, lile la kuombea msamaha, na kwa siku watakayochagua wenyewe. Nataka tu ujue kwamba watu wanaokaa benchi moja miaka yote hiyo wameshaamua kutoachana. Usimfanye mchumba wako awe mtoto wa katikati. Akialikwa na mmoja, aende na kwa mwingine siku hiyo hiyo.

Kuhusu hoteli, nakataa. Ukimpeleka mchumba kwa mama yako kwa saa mbili, akiwa na begi lake hotelini, utakuwa umemwambia mama kwamba nyumba yake haifai kulala mtu unayempenda. Hilo hatalisahau, na utakapotaka wazee wako waende Muheza kuposa, hutajua ni kwa nini wanajivuta. Mama ametuma gunia la mshare kwa basi. Unajua kazi ya gunia moja la ndizi? Kukata mikungu, kuchambua, kufunga ili zisichubuke, kutafuta kijana wa kubeba mpaka barabarani, kubembeleza kondakta. Zile ndizi ni barua, tena ndefu kuliko hii yako.

Lakini pia sisemi ukae wiki mbili. Wengi wanaoharibikiwa na sikukuu ni wale wanaokaa mpaka maneno yanaisha na ugomvi unaanza. Kaeni usiku tano. Fikeni tarehe 22 au 23, kabla nyumba haijajaa, ili mama apate kumwona mkwe akiwa na nafasi. Mkifika tarehe 24 jioni mtamkuta kwenye moshi wa jikoni na watu arobaini, hatamwona mtu. Na ukiwa pale uwe na kazi. Mwanaume anayekaa kwenye kochi akitazama simu ndiye anayeona vituko vya kila mtu. Kata majani, safisha mfereji, peleka gunia la ulezi mashineni, kaa na wanaochuja mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ukishika chujio huku shangazi zako wamekaa kila mmoja upande wake, utaona kwamba kazi inakwenda.

Mchumba wako umwambie yote kabla. Usimwambie Tabata, mmekaa sebuleni kama watu wenye kesi. Mwambie ndani ya basi. Kata tiketi sasa hivi, Desemba viti vya kaskazini vinakwisha wiki kadhaa kabla, na usinunue kwa mtu wa pembeni pale stendi ya Magufuli anayekuambia nauli imepanda. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wana nauli zao kikomo, ziangalie kwanza. Mkikosa basi, treni ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka kama 25, inakwenda polepole na inafaa sana kwa mazungumzo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 najua vijana mnapenda ya usiku, mlale mfike. Safari hii panda la asubuhi.

Mkishapita Chalinze anza na baba yako na kopo. Mkipita Korogwe, mashamba ya mkonge, mpe habari za bibi. Milima ya Usambara mtakuwa nayo kulia muda mrefu, hapo mweleze ya baba mdogo, na acha acheke, ni haki yake kucheka akiwa bado hajamjua. Mkifika Same malizia na shangazi zako. Usitumie neno samahani hata mara moja. Sema tu: baba yangu atafanya hivi, mimi nimegundua ni kwa sababu hii, na itachukua karibu saa moja. Kisha muulize kwao kuna nani. Nyumba inayobisha hodi mara tatu nayo ina mtu ambaye hatajwi mbele ya wageni, na huenda binti wa watu amekaa na hofu yake mwenyewe akingoja uanze wewe.

Mshuke Himo, msipitilize mpaka Moshi mjini. Hapo mnapanda gari la Marangu Mtoni. Awe na sweta kwenye mkoba wa mkononi, sio ndani ya begi kubwa, kwa sababu baridi ya kwenu inaanza kumpata kabla hamjashuka. Na viatu vya kukanyaga tope.

Jambo la mwisho ni la Segera. Pale ndipo njia inapogawana, kulia ni Muheza kwao, kushoto ni kwenu. Wauzaji watakuja dirishani. Mwambie mchumba achague machungwa mwenyewe, kwa mkono wake, ya kwao, wavu mzima, na asikubali umlipie. Gunia la mama yako limekuja Dar es Salaam, sasa nyumba ya Muheza inajibu. Akifika ampe mama mkononi na aseme yametoka wapi. Mimi najua mama wa mlimani atafanya nini na machungwa hayo: hatayamenya siku hiyo. Atayapanga mezani, na kila atakayeingia mpaka mwaka mpya ataambiwa yametoka kwa nani.

Umpigie simu leo jioni. Mwambie tarehe mtakayofika.

– Shangazi